Bertilla na sumaku ya watu ishirini na watatu

Saa moja kasoro robo asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Pito, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, na baridi ya Juni inauma masikio. Mbele ya mlango wa chumba cha mwisho katika jengo la maabara, Bertilla Kasonso anavua pete yake ya ndoa.

Baada ya pete zinafuata pini mbili za nywele, funguo, simu na sarafu zilizobaki mfukoni. Vyote anaviweka kwenye kisahani cha plastiki juu ya stuli ya mbao. Anajipapasa mifuko mara ya pili, taratibu, ndipo anausukuma mlango.

Ndani kuna pipa kubwa la chuma linalong'aa, limesimama kwa miguu mitatu, refu kumzidi yeye. Bertilla analisalimia kwa Kifipa.

"Kiswahili ni cha ofisini," anaeleza, akitabasamu kidogo. "Huyu ninaamkiana naye kila siku. Namsalimia kama mtu wa nyumbani."

"Huyu" ni mashine ya NMR. Kwa maneno mepesi, ni sumaku yenye nguvu kubwa mno. Mtafiti huyeyusha kitu anachokichunguza, akakitia kwenye mrija wa kioo mwembamba kama penseli, akauteremsha katikati ya sumaku. Baada ya dakika kadhaa kompyuta humchorea vilima na mabonde, na kwa kuvisoma hivyo anajua kitu chake kimeundwa na nini.

Maabara hii ndogo ya utafiti wa mazao na mitishamba ina mashine moja tu ya aina hiyo, tena ni mtumba, msaada uliotoka ng'ambo miaka kumi na miwili iliyopita. Watu ishirini na watatu wanaigombania. Kuna wa mafuta ya alizeti, wa asali, wa mizizi ya dawa, na wa samaki wa Ziwa Tanganyika. Mtunzaji ni mmoja, mama huyu wa miaka arobaini na sita ambaye cheti chake kikubwa ni cha kidato cha nne.

Kila Jumatano Bertilla huinywesha mashine naitrojeni ya kimiminika, ile ile inayoletwa na gari kutoka Mbeya pamoja na mitungi ya wataalamu wa kupandisha ng'ombe kwa chupa, yaani kwa mbegu zilizogandishwa. Tumboni kabisa kuna heliamu, baridi kuliko kitu chochote ambacho mtu wa Ufipa amewahi kukigusa, nayo huja mara mbili tu kwa mwaka. Ikiisha, sumaku inapoteza nguvu kwa dakika chache, na kuirudisha ni kazi ambayo maabara haina uwezo nayo.

"Wanasema heliamu ipo chini ya bonde la Rukwa, hapo tu ukiteremka," anasema, akielekeza kidevu dirishani. "Na sisi tunaisubiri itoke ng'ambo. Basi tunaisubiri."

Bertilla hakuja hapa kutunza mashine. Alikuja kufagia.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mtoto mmoja mgongoni na elimu ya darasa la saba. Wiki ya pili ya kazi, akiwa na ndoo ya bati yenye maji ya kupigia deki, aliingia chumba cha mwisho kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Anakumbuka mkono wake kuvutwa kama na mtu. Kisha ndoo ikamtoka, ikaruka, ikajigandamiza ubavuni mwa pipa, na maji yakamwagika yote.

Walihitajika wanaume wanne na kamba kuing'oa. Bertilla alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, mtoto mapajani, akiamini kwamba kazi imekwisha na huenda na polisi wako njiani. Mkuu wa maabara, Dk. Oswaldi, alikuja akakaa ngazi ile ile.

"Aliniuliza, 'Mama Salome, kuna mtu alikuambia kilichomo humo?' Nikamwambia hapana. Akasema, 'Basi kosa ni letu.' Akanyanyuka, akaenda zake. Mimi nikabaki nalia kuliko ningefukuzwa."

Kesho yake alimwomba mkuu huyo amwambie sasa, kilichomo ni nini. Maswali hayakukoma. Fundi wa kigeni aliyekuja kuirekebisha mashine mwaka uliofuata alimkuta mlangoni kila siku, akaishia kumpa glavu na kumfundisha kwa miezi miwili. Akiwa na miaka thelathini na tisa alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye chumba kimoja na vijana ambao angeweza kuwazaa.

Leo hakuna anayegusa mashine bila kupita mikononi mwake. Masomo yake hayana mambo mengi. Vua chuma chote, na kama una kifaa cha moyo kifuani usivuke mstari wa njano. Andika jina lako kwenye daftari kabla ya kuanza, na ukimaliza andika uliyoyaona. Usiuache mrija wako ndani ukaenda kula. Usichukue saa ya mwenzako hata kama hayupo. Na kabla ya kuuachia mrija, weka kiganja juu ya tundu la mashine usikie upepo.

Upepo huo ndio roho ya kazi yote. Unatoka kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa iliyo nje ya ukuta. Ndio unaoubeba mrija na kuushusha polepole. Bila upepo, mrija unaanguka kama jiwe kisimani.

Mwaka jana, mwezi kama huu, ulianguka.

Ilikuwa Jumatatu. Hellena, mtafiti wa samaki, alikuwa amerudi kutoka bandari ya Kasanga, ziwani, na mirija kumi na miwili ya mafuta ya samaki aina ya mgebuka. Alikuwa anatafuta namna ya kukausha samaki ambayo haiyaharibu mafuta yao, jambo ambalo akina mama wanaouza samaki bandarini walikuwa wanalisubiri kwa hamu kuliko hata yeye. Mafuta ya aina hiyo hayakai. Kila siku inayopita yanabadilika.

Bertilla alifungua mlango mbele yake, akasimama ghafla.

"Dada Hellena, usiingie. Unasikia harufu?"

Ilikuwa harufu tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Klorofomu. Wengi wa watafiti huitumia kuyeyushia sampuli zao, na haipaswi kuwa nje ya mrija. Bertilla alifungua madirisha, akangoja, akaingia peke yake. Alipochungulia kutoka chini ya pipa kwa kioo kidogo cha plastiki, aliona vipande vya kioo viking'aa juu ya probu, kile kifaa cha ndani ambacho ndicho hasa kinachosoma sampuli.

Akaenda kwenye daftari. Ijumaa asubuhi kulikuwa na majina matatu. Saa tisa alasiri ilikuwa zamu ya mtu aliyeondoka mapema kwenda msibani, na mstari wake ulikuwa mtupu. Tena Ijumaa hiyo umeme ulikatika mara mbili.

"Nilijua palepale," anasema. "Mtu aliingia kwenye saa isiyo yake, hakupima upepo, akavunja, akafunga mlango akaondoka. Ila nani, sikujua."

Kikao kiliitishwa. Dk. Oswaldi aliuliza mara tatu, na watu waliangalia meza. Mwishowe mmoja wao alisema kwa sauti ya chini kwamba, jamani, mwenye funguo ni mmoja tu. Hakuna aliyemkatalia.

Bertilla alirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo. Mumewe, Beda, anakumbuka kwamba alikataa kula. "Alikaa tu jikoni anaangalia moto. Nikamwambia, Mama Salome, kama wanakuona wewe ndiye mbaya, rudisha funguo zao, shamba lipo. Akaniambia, 'Baba Salome, mimi siwazi funguo. Nawaza kilichomwagika mle ni nini.'"

Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua. Klorofomu aliijua. Kilichoyeyushwa ndani yake hakukijua. Kuna sampuli za asali ambazo mtu angeweza kuzilamba, na kuna mizizi ambayo wafugaji huitumia kuua kupe, ambayo mtu akiigusa akiwa na kidonda kidogo kidoleni anaweza kulazwa. Probu ilibidi ishushwe na isafishwe, na mikono ya kufanya hivyo ilikuwa yake.

Jumatano alibandika karatasi mlangoni, kwa mwandiko wake mkubwa ulionyooka:

"Mashine inaumwa. Simtafuti mtu wa kumfunga. Naomba kujua kilichomwagika ni nini, kwa sababu Jumatatu mimi ndiye nitakayeweka mkono."

Watu walipita, wakasoma, wakaendelea na safari zao. Alhamisi ikaisha, na Ijumaa ikaisha. Hellena alikuja mara mbili kuuliza. Mara ya pili alisimama tu mlangoni na kisanduku chake cha barafu, akageuka.

Jumapili, baada ya misa, Bertilla na familia yake walikuwa shambani Pito wakivuna ulezi. Alikuwa ameinama na kisu chake kidogo, akikata masuke na kuyatia kikapuni, aliposikia mtu akikohoa kule kwenye njia.

Alikuwa Yonas, mtafiti wa miaka thelathini na mmoja, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni miaka mingi iliyopita. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Hakukaribia. Bertilla akaendelea kukata masuke, bila kumwangalia. Anasema alishajua, na kwamba alitaka ampe nafasi ya kulitoa neno mwenyewe.

"Ni mzizi," Yonas akasema. "Ule wa kuogeshea ng'ombe. Niliukamua sana, ni mkali. Usiweke mkono, mama."

Bertilla akasimama wima. "Umetembea kutoka mjini kuja kuniambia hilo?"

"Nilipanda gari, nikashuka mara mbili nirudi. Mwisho nikatembea."

Mkataba wa Yonas ulikuwa unakwisha mwezi uliofuata na alihitaji matokeo mawili ya mwisho. Ijumaa ile aliona mwenye zamu hayupo na mlango haujafungwa. Umeme ulikuwa umerudi muda mfupi tu, kompresa bado inajaza upepo. Aliuachia mrija, akasikia sauti ndogo kama ya kijiti kinachokatika.

"Nilisimama pale nikasema nitaandika kwenye daftari," alimwambia Bertilla. "Nikashika kalamu kabisa. Halafu nikaona jina langu litakavyosomeka mbele ya Dk. Oswaldi. Nikaiweka kalamu."

Alikuwa amemsimulia mama yake, Kabula, kwa simu Jumamosi. Kabula aliuza mitamba sita kumsomesha. Hakumkaripia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kwa Kisukuma kama huyo mama wa mashine ana watoto. Yonas akasema anao. "Sasa unangoja nini?" Kabula akauliza, na simu ikakatwa, ama na mtandao ama na yeye mwenyewe.

Bertilla alimpa Yonas kisu. "Tumalize mstari huu," akamwambia. "Huwezi kulibeba jambo hilo mpaka kesho na njaa. Tukimaliza utakula, halafu utaniambia ulitia kiasi gani."

Walivuna mpaka jua likaanza kupoa. Beda anasema kijana hakujua kukata ulezi, aliacha nusu ya suke kwenye bua, na hakuna aliyemsahihisha.

Jumatatu Yonas alisimama mbele ya wenzake akasema mwenyewe. Bertilla hakukubali kumsemea. Watu walipoanza kunong'ona, Hellena alinyanyuka, akamgeukia Yonas.

"Hellena, naomba unisamehe," Yonas alisema. "Pole kwa mafuta yako."

"Pole sitaki, ndugu yangu. Mafuta yangu yameharibika yote. Nataka siku zako za mashine."

"Zipi?"

"Zote za mwezi huu."

"Chukua."

Kisha ikaja kazi yenyewe. Bertilla alivaa glavu nene, miwani na barakoa ya kuzuia mvuke, madirisha yakiwa wazi, na Yonas akiwa nyuma ya mstari wa njano akimweleza kila hatua mzizi ule huyeyushwa na nini na hauyeyushwi na nini. Aliishusha probu polepole kutoka chini ya pipa, akailaza juu ya kitambaa. Kwa koleo ya plastiki alitoa vipande kimoja kimoja, akaviosha, akampa Yonas.

Yonas alivipanga juu ya karatasi nyeupe, kimoja kando ya kingine, akiujenga upya mrija aliouvunja. Ndiyo njia pekee ya kujua kama kuna kilichobaki ndani. Kipande kimoja kikisahaulika, mrija wa mtu mwingine utavunjika juu yake.

Ilipofika saa sita mchana mrija ulikuwa umetimia, isipokuwa pengo moja dogo karibu na kitako, la ukubwa wa punje ya mchele.

Walikitafuta kipande cha pengo hilo kwa saa nne. Walipuliza, walimulika, walipangusa. Yonas alianza kusema huenda kiligeuka unga. Bertilla alitikisa kichwa, akarudi chini ya pipa, akalala ubavu sakafuni, shavu likigusa saruji.

"Nilikipata kwenye mkunjo wa kitambaa changu mwenyewe cha kichwani," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka kwa sauti. "Nilikuwa nakilalia. Nikamwita, 'Yonas, njoo uchukue chako.' Akakiweka pale kwenye pengo. Kikakaa. Yule kijana alifunika uso kwa mikono, na mimi nikajifanya naangalia dirishani."

Mashine ilirudi kazini baada ya siku kumi na moja. Hellena alishuka tena Kasanga, akarudi na mafuta mapya, akatumia kila saa iliyokuwa ya Yonas. Majibu yake sasa yanatumiwa na vikundi viwili vya wakaushaji samaki bandarini. Yonas hakupata mkataba wa miaka miwili alioutaka. Aliongezewa miezi sita, na katika hiyo alifungiwa mashine mwezi mzima. Alimaliza miezi sita, akapewa mwaka. Bertilla alipoulizwa na uongozi kama anaweza kumwamini tena, alijibu kwamba wengine hajui watafanya nini siku wakivunja, ila kuhusu huyu anajua.

Kilichobadilika zaidi ni daftari. Bertilla aliomba liongezwe safu moja pembeni, yenye kichwa "Kilichotokea". Makubaliano ni kwamba anayeandika siku hiyo hiyo hafukuzwi wala haitwi kikaoni. Anasaidia kutengeneza, basi. Mpaka wiki iliyopita safu hiyo ilikuwa na maandishi tisa. Mtu aliacha mrija ndani usiku kucha. Mtu alimwaga mafuta ya alizeti kwenye kibodi. Maandishi ya sita ni ya Dk. Oswaldi mwenyewe, aliyevuka mstari wa njano na kadi ya benki mfukoni.

"Ilifutika yote," anakiri daktari huyo. "Nikaandika. Mama Salome alikuwa amesimama karibu yangu, ningefanyaje?"

Anaendelea kwa upole zaidi. "Watu wanadhani mashine ya pamoja inatunzwa na sheria za ukutani. Sisi sheria tulikuwa nazo tangu mwanzo. Tulichokuwa hatuna ni mahali pa kukimbilia mtu akikosea. Sasa mahali hapo pana jina, Mama Salome, na pana mlango."

Oktoba hii mlango huo utafunguliwa na mtu mwingine. Bertilla amepata nafasi chuoni Mbeya kusomea ufundi wa maabara, miaka miwili. Maabara itamlipia ada, na mshahara wake, ambao anasema unatosha chumvi, sabuni na nauli, utaendelea kwa nusu. Salome, binti yake, yuko kidato cha kwanza. Mama na mtoto watakuwa wanafunzi kwa wakati mmoja. Beda amekwisha kusema kwamba ulezi atavuna na ndugu zake.

Anachokiogopa ni Jumatano. Amewafundisha watu wanne kumimina naitrojeni, na kila mmoja anamsimamia kwa karibu, akimwambia apunguze mkono, apunguze tena, kama anayemnywesha uji mtoto mchanga. Ameandika pia mwongozo kwa Kiswahili, kurasa arobaini za mkono, wenye michoro ya kiganja kilicho juu ya tundu.

Akirudi ana mpango ambao ameshamweleza mkuu wake. Anataka siku moja kwa mwezi iwe ya wakulima, mtu aje na chupa ya asali yake au mafuta yake ya alizeti, aambiwe kwa lugha anayoielewa kama ni safi au vimechanganywa. "Wengine Kiswahili cha kitaalamu kinawapita," anasema. "Mimi nitawaambia kwa Kifipa."

Lakini kuna jambo lingine, dogo. Kila karatasi ya majibu inayotoka chumba hiki ina mstari chini wa saini ya mtaalamu aliyeendesha mashine. Kwa miaka kadhaa yeye ndiye anayeiendesha kwa ajili ya wageni, na kwa miaka hiyo yote karatasi hupelekwa chumba cha pili ili mtu mwenye cheti asaini.

"Si kwamba wananidharau. Ni utaratibu. Ila nataka mkulima akiichukua karatasi yake, aone kwamba aliyeisoma ni mtu wa Pito."

Anafungua droo, anatoa daftari lake la shule, na kwenye ukurasa wa nyuma kabisa inaonekana saini moja imerudiwa mara kumi, ishirini, labda zaidi. K yake ina mkia mrefu unaozunguka chini ya jina zima.

"Bado haijakaa vizuri," anasema, na kulifunga daftari.